Je, Wajua? Jua la Wawi na Magofu ya Pemba

Kila mwaka watu hupanda ndege hadi Peru, wakapanda tena milima ya Andes, kwenda kuona mawe ambayo wakale wa huko waliyapanga kufuata jua na nyota. Somo hilo hilo lipo Pemba. Safari yake inaweza kuanzia Wawi, jirani na Chake Chake, na vifaa vyake ni kijiti, uzi, tepu ya fundi na kalenda ya mwezi. Haya hapa ya kuanzia.

Je, wajua kuwa Wawi na Kaaba zimekaa karibu juu ya mstari mmoja wa longitudo? Kaaba ipo digrii 39.826 mashariki. Kiwanja cha ndege cha Pemba, ambacho kwenye baadhi ya ramani kimeandikwa kwa jina la Wawi, kipo digrii 39.811. Tofauti hiyo ardhini haifiki kilomita 2. Ukishika kaskazini kutoka hapo bila kupinda utavuka bahari, utaingia Kenya karibu na Kilifi, utakata Ethiopia na Eritrea, utavuka Bahari ya Sham, na baada ya kilomita 2,950 hivi utakuwa Makka.

Kwa hiyo kibla cha Wawi ni kaskazini halisi. Wanazuoni wa miji mingine walitoka jasho kwa suala hili. Al-Biruni alimaliza mwaka 1025 kitabu kizima cha hesabu za masafa ya miji, na shabaha yake moja ilikuwa kupata kibla cha Ghazna, katika Afghanistan ya leo. Mwashi wa Pemba alihitaji kuijua kaskazini tu.

Na si Pemba peke yake. Kilwa Kisiwani, mji wa Unguja, Mombasa, Lamu: hakuna hata mmoja ulioachana na longitudo ya Kaaba kwa zaidi ya digrii 1 na robo. Ndiyo maana ukiingia gofu la msikiti kwenye pwani hii, mihrabu utaikuta upande wa kaskazini, na ndiyo maana wazee wa pwani wakikuelekeza njia kwa kusema "upande wa kibla", wamekwisha kukutajia kaskazini.

Je, wajua kwamba Nyota ya Kaskazini haionekani Wawi hata usiku mmoja wa mwaka? Wawi ipo digrii 5 na robo kusini ya ikweta, na nyota ile daima imejificha chini ya upeo wa macho. Anayetafuta kaskazini usiku atumie nyota nyingine. Anayeitafuta mchana atumie kivuli.

Njia ya kivuli ni hii. Sawazisha uwanja, simika kijiti kilichonyooka, kipime kwa timazi kisiegemee. Funga uzi kwenye shina la kijiti uchore duara kukizunguka. Asubuhi kivuli ni kirefu na ncha yake iko nje ya duara. Kadiri jua linavyopanda kitafupika, na pale ncha itakapougusa mstari, weka kokoto. Baada ya adhuhuri kitarefuka tena, na ncha itakapotoka kwa upande wa pili, weka kokoto ya pili. Mstari wa kuunganisha kokoto hizo mbili ni mashariki na magharibi. Mstari unaotoka kwenye kijiti ukapita katikati yake ni kaskazini na kusini. Wanafalaki wa Kiislamu waliitumia njia hii kwa karne nyingi, wakiiita duara la Kihindi. Dira ya sumaku hupotoka kidogo kutoka kaskazini ya kweli; kivuli hakipotoki.

Je, wajua siku ambazo kijiti hicho hakina kivuli? Ni karibu na tarehe 7 Machi na tarehe 6 Oktoba. Siku hizo jua la mchana hukaa utosini Wawi. Baina ya Machi na Oktoba hupita upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki upande wa kusini.

Je, wajua kuwa adhuhuri ya jua na saa 6 ya ukutani hazikutani Wawi siku yoyote? Saa yetu ya Afrika Mashariki imepimwa kwa longitudo 45, inayopita karibu na Mogadishu, nasi tuko magharibi yake. Mapema Novemba jua hufika kilele chake saa 6 na dakika 4 hivi. Katikati ya Februari hukawia mpaka saa 6 na dakika 35.

Sasa tukae kidogo, maana hapa pana utamu.

Je, wajua kuwa mara mbili kwa mwaka jua husimama juu ya Kaaba yenyewe? Ni tarehe 27 au 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana, kisha tarehe 15 au 16 Julai, saa 6 na dakika 27. Hiyo ni saa ya Makka, ambayo ndiyo saa yetu. Dakika hiyo kila anayeliona jua, popote alipo, akiuelekeza uso chini ya jua ameuelekeza Kaaba. Kwa watu wengi duniani tukio hilo huangukia asubuhi au jioni. Wawi huangukia adhuhuri kamili, kwa sababu longitudo ni moja.

Basi mwalimu wa hesabu apewe nafasi. Yapata mwaka 240 kabla ya Kristo, Eratosthenes, msimamizi wa maktaba ya Alexandria, alijua kwamba huko Siene, ndiyo Aswan ya leo, siku moja ya mwaka jua huangaza mpaka chini ya kisima na vitu havina kivuli. Siku hiyo hiyo Alexandria kivuli kipo. Akaipima pembe yake, akakuta ni sehemu 1 ya 50 ya duara. Masafa baina ya miji miwili yalikuwa stadia 5,000. Akazidisha kwa 50, akapata mzingo wa dunia. Hesabu yake ilitaka miji hiyo iwe kwenye longitudo moja, na kwa kweli imepishana kwa digrii 3 hivi.

Wawi na Makka hazina dosari hiyo. Simika kijiti cha mita 1 tarehe 16 Julai, saa 6 na dakika 27, na kivuli chake kitalala kusini kikiwa na sentimita 50 hivi. Pembe yake ni karibu digrii 26.7. Makka wakati huo kivuli hakuna. Gawa 360 kwa 26.7, zidisha kwa kilomita 2,950, na jibu lako litakuwa karibu kilomita 39,800. Mzingo wa kweli wa dunia kupitia ncha zake mbili ni kilomita 40,008. Mtoto wa skuli wa Wawi anaweza kuipima dunia nzima kwa kijiti, tepu na kalamu, na sijui mahali pengi ambapo hesabu hiyo inakubali kwa usafi namna hii. Julai ndiyo ya kuchagua, kwani Mei masika huwa hayajaondoka vizuri na wingu moja linatosha kuharibu kazi.

Je, wajua kuwa wakati wa alasiri nao ni kipimo cha kivuli? Kivuli cha kitu kikifikia urefu wa kitu chenyewe, ukiongeza kile kivuli kilichokuwapo adhuhuri, wakati umeingia. Kabla ya saa za mkononi, muadhini alikuwa mpimaji.

Je, wajua Chankillo? Ni gofu la Peru, karibu na pwani ya Pasifiki, lenye minara 13 iliyopangwa mgongoni mwa kilima, na umri wake unapita miaka 2,200. Mtu akisimama kwenye kituo cha kutazamia, jua humchomozea nyuma ya minara hiyo, likihama kutoka mmoja hadi mwingine: Juni liko mwisho wa kaskazini, Desemba mwisho wa kusini. Kwa kuangalia mnara tu watu wa hapo waliijua tarehe kwa kupishana siku 1 au 2. UNESCO ilipaingiza mahali hapo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2021.

Minara hiyo haihitaji kujengwa upya ili somo lake lieleweke. Wawi jua huchomoza kila siku mahali tofauti, na baina ya Juni na Desemba huhama kwa digrii 47 za upeo wa macho. Mwanafunzi achague mahali pamoja pa kusimama, ukingo wa kiwanja cha skuli kwa mfano, na kila Ijumaa alfajiri aandike jua limetokea nyuma ya mnazi upi au mkarafuu upi. Ikifika Desemba atakuwa na Chankillo yake ya miti.

Je, wajua kuwa mkulima wa Pemba na mkulima wa Andes walitazama kundi moja la nyota kabla ya kushika jembe? Kwetu ni Kilimia, kishada kidogo cha nyota ambacho macho mazuri huhesabu 6 au 7. Wainka walilipa kundi hilo jina la ghala la chakula. Mwishoni mwa Aprili, masika yakiwa yamepamba moto, Kilimia huzama pamoja na jua na kupotea. Juni huonekana tena alfajiri, upande wa mashariki, mvua zikiwa zimekwisha. Novemba, wakati wa vuli, huchomoza jua linapozama. Kalenda nzima ya shamba imo humo.

Ya Andes yanashangaza zaidi. Wakulima wa Peru na Bolivia hupanda milimani usiku wa Juni, karibu na sikukuu ya San Juan, wakalitazama kundi hilo kabla ya alfajiri. Nyota ziking'aa sana, wanatarajia mvua njema. Zikififia, wanachelewesha kupanda viazi. Mwaka 2000 watafiti watatu, Orlove, Chiang na Cane, waliandika katika jarida la Nature kwamba desturi hiyo ina ukweli ndani yake: miaka ya El Niño huleta mawingu mepesi sana ya juu, ambayo jicho haliyaoni lakini huzifanya nyota zififie, na miaka hiyo ndiyo mvua ya Andes hupungua.

Na El Niño hiyo hiyo kwetu hufanya kinyume. Inayowakausha wao mara nyingi hutugharikisha sisi wakati wa vuli, kama ilivyokuwa mwaka 1997 kuingia 1998.

Je, wajua kuwa Wainka waliona wanyama kwenye sehemu nyeusi za Njia Nyeupe, yaani kwenye viza vilivyo baina ya nyota? Mmoja wao ni llama, na macho yake ni nyota mbili zinazong'aa karibu na Salibu, ule msalaba wa nyota nne wa kusini. Cusco, mji wao mkuu, upo kusini ya ikweta kama sisi, kwa hiyo nyota hizo zinaonekana Wawi vilevile. Usiku wa giza wa Juni, mbali na taa, llama anatafutika.

Afrika Mashariki ina mawe yake. Karibu na Ziwa Turkana, Kenya, pana nguzo 19 za mawe zinazojulikana kwa jina la Namoratunga. Mwaka 1978 watafiti Lynch na Robbins walidai kuwa zimepangwa kuelekea mahali pa kuchomoza nyota 7 za kalenda ya Waborana, Kilimia kikiwamo. Mwaka 1982 Robert Soper alizipima upya akatilia shaka madai hayo. Kalenda ya Waborana yenyewe haina mashaka: ina miezi 12 na siku 354, na huendeshwa kwa kuulinganisha mwezi na nyota. Ninaipenda habari hii kwa sababu inamfundisha mwanafunzi kwamba kipimo kinapimwa tena na mtu mwingine, na hakuna aibu ndani yake.

Je, wajua kuwa Waswahili walikuwa na mwaka wa jua pembeni ya mwaka wa mwezi? Ulihesabiwa kwa miongo, kila mwongo siku 10, miongo 36, kisha siku 5 za kutimiza 365. Mkulima alijua mwongo wa kupanda, nahodha alijua mwongo wa kufunga bahari. Mwaka wa Kiislamu hurudi nyuma kwa siku 11 hivi kila mwaka wa jua, kwa hiyo haufai kupangia mpunga. Mwanzo wa mwaka huo wa jua ndio Nairuzi, na Makunduchi, Unguja, ndipo sherehe yake, Mwaka Kogwa, inapofanywa kwa shangwe kubwa kila Julai.

Mpunga tumeutaja, basi twende kaskazini ya Pemba. Je, wajua kuwa Tumbe na Chwaka, magofu mawili yaliyo jirani, yametuonyesha lini Pemba ilianza kula wali? Wanaakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walichimba hapo miaka ya 2000. Tumbe ilikaliwa baina ya karne ya 7 na ya 10. Chwaka ilistawi kuanzia karne ya 11 mpaka kukaribia kuja kwa Wareno. Udongo wa majiko ya kale ulimwagwa kwenye maji, na punje zilizoungua zikaelea juu, zikaokotwa kwa chujio moja moja na kutazamwa kwa darubini. Tumbe uliongoza uwele. Chwaka mpunga ukapanda mpaka ukawa chakula kikuu. Na mpunga wa mvua hausamehe: ukikosea majira, umekosa mwaka.

Chwaka hiyo hiyo pana kaburi na msikiti mdogo unaohusishwa na Haruni, ambaye masimulizi yanasema alikuwa mtoto wa Mkama Ndume. Huyo tutakutana naye.

Je, wajua kuwa mwezi ndio utakaokupangia safari ya Mtambwe Mkuu? Ni mahali panapozungukwa na maji na mikoko, na maji yakitoka panafikika kwa mguu. Maji hutoka mbali zaidi wakati wa bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo tofauti ya kujaa na kutoka hufika kiasi cha mita 4. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hupungua sana.

Na hili wavuvi wote wa Pemba wanalijua ingawa vitabu vya skuli havilitaji: bamvua la pwani hii hukauka karibu saa ile ile siku zote, baina ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Kila siku baada ya hapo maji huchelewa kwa dakika 50 hivi, kwa kuwa mwezi nao huchelewa kuchomoza. Ndiyo maana siku za mwezi mpevu utawaona kina mama wametawanyika mchangani asubuhi, kwenye mwani na pweza, bila ya kuangalia saa. Mwalimu atakayewapeleka wanafunzi Mtambwe achague siku ya mwezi mpevu, avuke saa 4, na arejee kabla ya saa 7, maji hayajaanza kurudi kwa kasi.

Je, wajua kilichokutwa huko Mtambwe mwaka 1984? Mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake walifukua hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, pamoja na dinari chache za dhahabu, iliyozikwa katika karne ya 11. Dinari zilitoka mbali. Nyingi katika sarafu za fedha zilipigwa kwa majina ya watawala wa pwani hii hii, akiwamo Ali bin al-Hasan. Maneno ya upande mmoja wa sarafu yana vina na maneno ya upande wa pili. Mfalme aliyetaka jina lake lipokelewe sokoni alilitungia kina.

Je, wajua Ras Mkumbuu? Ni ncha ndefu ya ardhi magharibi ya Chake Chake, kupita Ndagoni. Pana gofu la msikiti mkubwa wa Ijumaa na makaburi ya nguzo, na mwanaakiolojia James Kirkman alipachimba miaka ya 1950. Horton alipokuja kuchimba tena alikuta chini ya msikiti huo mabaki ya msikiti wa zamani zaidi. Mji ulijengwa juu ya mji, na mihrabu juu ya mihrabu.

Wengi wameamini kuwa hapo ndipo palikuwa Qanbalu, kisiwa ambacho msafiri wa Kiarabu al-Masudi aliondoka akielekea Oman mwaka 304 wa Hijra, sawa na 916 au 917. Wataalamu hawajakubaliana. Atakayesimama kwenye gofu lile akitazama magharibi, bahari ya kisiwa cha Misali mbele yake, atauelewa ushawishi wa wazo hilo.

Misali yenyewe ina habari. Masimulizi ya Pemba yanasema Nabii Khidhr alifika huko akataka msala wa kusalia, na ulipokosekana akasema kisiwa chenyewe ndio msala wake, maana kimeelekea kibla. Kisiwa hicho kimelala kwa urefu kaskazini na kusini. Masimulizi na longitudo vimekutana.

Je, wajua kuwa mihrabu nyingi za kale zilichongwa kwenye tumbawe lililotolewa baharini likiwa bichi? Likiwa na unyevu hukatika kwa kisu na kukubali nakshi. Likikauka huwa gumu. Chokaa ya kuungia mawe nayo ilitokana na matumbawe yaliyochomwa kwenye tanuri la magogo.

Je, wajua Pujini? Ipo kusini-mashariki ya Chake Chake, na ndiyo ngome inayojulikana kwa jina la Mkama Ndume, mtawala wa karne ya 15. Masimulizi yanamtaja kwa ukali: aliwalazimisha watu kubeba mawe vichwani huku wakijiburura kwa makalio. Pana kisima ambacho wenyeji husema kilitiwa ukuta katikati ili wake zake wawili wasionane wakiteka maji. Magofu mengi ya pwani ni ya miji ya biashara isiyo na boma kubwa. Pujini ni boma hasa, lenye kuta na njia ya kupitisha vyombo kutoka baharini.

LaViolette alipochimba hapo kuanzia mwaka 1989 alikuta chumba cha chini ya ardhi chenye ngazi, na kwenye ukuta wake wa lipu umetokezwa mchoro wa siwa, lile baragumu la watawala wa Kiswahili. Anaamini chumba hicho kilikuwa mahali pa ibada ya mizimu. Mtawala Mwislamu, msikiti juu, siwa ukutani, na chumba cha giza chini: mwanafunzi akiviona vyote kwa saa moja atajifunza kuhusu madaraka mambo ambayo sura kumi za kitabu hazitampa. Siwa halikuwa pambo. Lilipulizwa kwa mwenye nchi, na asiyekuwa nalo hakuwa na nchi.

Je, wajua manahodha walipimaje kimo cha nyota? Kwa kibao kidogo cha mti chenye uzi wa mafundo uliopita katikati, kinachoitwa al-kamal kwa Kiarabu. Nahodha aling'ata fundo, akakinyoosha kibao mbele ya uso mpaka ukingo wa chini uguse bahari na wa juu uguse nyota. Kila fundo lilikuwa na bandari yake. Kipimo kiliitwa isba, upana wa kidole. Ahmad bin Majid, mzaliwa wa Julfar katika Ghuba, alieleza hesabu hizi yapata mwaka 1490, na mashairi yake ya bahari yanafika mpaka njia ya Sofala.

Huku kwetu, ambako Nyota ya Kaskazini imefichika, walishika nyota za Dubu kwa upande wa kaskazini, na Suheli na Salibu kwa upande wa kusini. Na hii ni tunu ya Wawi: usiku wa Aprili au Mei, wingu likiruhusu, Dubu Mkubwa na Salibu huonekana kwa pamoja, mmoja kibla na mwingine kusini. Mtu wa London haioni Salibu maisha yake yote.

Wanafunzi watengeneze al-kamal yao: kipande cha mbao laini, tundu katikati, uzi wa mshipi wa kuvulia. Kazi ya nusu saa.

Je, wajua kuwa kuna chombo cha falaki kilichorushwa kutoka pwani hii kikapewa jina la Kiswahili? Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini mbele ya Ngomeni, karibu na Malindi. Iliitwa Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza mionzi ya eksirei angani, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. 

Safari ikianza au ikiisha, ipitie kwenye ngome kongwe ya Chake Chake, ambamo mna makumbusho ya Pemba. Hapo vipande vya Ras Mkumbuu, Pujini na Chwaka huelezwa pamoja, na mwanafunzi hupata mpangilio wa karne kabla ya kwenda kukanyaga kifusi. Na magofuni asiokote kitu. Kigae kilichohamishwa hata kwa hatua tatu kimepoteza nusu ya habari yake.

Je, wajua kuwa tarehe 1 Septemba 2016 watu walikusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, kuliona jua likibaki pete? Mwezi ulikuwa mbali kidogo na dunia, haukutosha kulifunika lote. Pemba siku hiyo liliumwa upande mmoja tu.

Lijalo ni kubwa. Jumatatu, tarehe 2 Agosti 2027, jua litapatwa lote kuanzia Hispania, kupitia Luxor huko Misri, ambako giza litadumu zaidi ya dakika 6, kisha Jeddah na Makka, Yemen na ncha ya Somalia. Makka itakuwa gizani mchana kwa dakika 5 hivi. Wawi, kwenye longitudo ile ile, jua litaliwa sehemu tu, na swala ya kupatwa kwa jua itaswaliwa huku na kule. Skuli itakayotaka kushiriki iagize mapema miwani maalumu ya kutazamia jua. Miwani ya kawaida ya jua, vioo vya moshi na picha za eksirei haviyalindi macho. Asiyepata miwani atoboe tundu dogo kwenye karatasi ngumu, alipe jua mgongo, na aitazame sura ya jua lililoliwa kwenye karatasi nyeupe iliyowekwa chini.